Boti Iliyokauka Bariadi

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika kumi jioni, siku ya Alhamisi katikati ya Julai, boti yetu ilipoingia Bariadi ikiwa juu ya lori la pamba. Saa niliitazama kwa sababu dereva alitaka nimsainie muda wa kufika. Lori lake lilikuwa limepeleka robota Mwanza na lilikuwa linarudi tupu, hivyo alinitoza nauli ya mzigo wa kurudi, ambayo siku zote ni ndogo. Boti ilikuwa na urefu wa futi ishirini na mbili. Ilichomoza nyuma ya lori kama futi sita, na kwenye ncha yake tulifunga kitambaa chekundu.

Watu walitoka madukani kuitazama. Siku hizo Bariadi ilikuwa bado mkoa wa Shinyanga, na Lamadi, tulikotoka na boti, ilikuwa mkoa wa Mwanza. Ziwa halikuwa mbali, lakini palikuwa na wazee waliolima pamba maisha yao yote bila kuwahi kukanyaga ufuko wake.

"Mwadila, ngosha!" mwenye duka la baiskeli akanisalimia kwa sauti ya kusikika barabara nzima. "Hiyo gharika umeisikia redio gani? Mbona sisi hatujatangaziwa?"

"Huyu anakuja kuvua panzi," akadakia mwingine.

"Muulizeni kama anapokea mbuzi wawili wawili. Mimi ninaye jike tu."

Nilicheka pamoja nao. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, hakucheka. Alikuwa amesafiri njia nzima akiwa amekaa ndani ya boti, juu kabisa ya lori, mkono mmoja ameuweka kwenye ukingo kama mtu anayemsindikiza mgonjwa. Tulipokwisha kuishusha na kuiegesha juu ya magogo ubavuni mwa nyumba yangu, akanivuta kando.

"Shemeji, mbao za kitu hiki zinakunywa maji. Usizinyime muda mrefu."

"Mbao ikinywa maji inaoza," nikamjibu.

"Inayooza ni ile inayoloa na kukauka, kuloa na kukauka. Hii imekaa majini tangu izaliwe."

"Miezi mitatu tu. Oktoba inarudi ikiwa mpya."

Akaitazama boti, akanitazama mimi. "Haya," akasema. "Wewe ndiye mwenye kitabu."

Lazima nieleze jinsi boti ilivyofika mikononi mwetu, kwa sababu bila hilo mengine hayaeleweki.

Mimi nilikuwa mpima pamba. Niliishia darasa la saba, na mengine yote niliyoyajua niliyasoma mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na kamusi moja iliyokatika jalada. Nilipimia chama cha ushirika kwa miaka tisa. Halafu biashara ya pamba ikafunguliwa, wanunuzi binafsi wakaja na mizani yao na fedha taslimu, na chama kikaanza kupunguza watu. Mimi nilipunguzwa katika kundi la pili. Msimu uliofuata mnunuzi binafsi aliniajiri kufanya kazi ileile, kwenye kiwanda kilekile cha kuchambulia pamba, kwa hiyo kiinua mgongo changu kilibaki mfukoni bila kazi.

Wakati huohuo, shirika moja la umma lililokuwa na ofisi ndogo ufukweni lilikuwa linafungwa, na mali zake zinauzwa kwa zabuni. Palikuwa na meza, makabati, pikipiki mbili zisizo na magurudumu, na boti. Boti ilikuwa imefungwa kwenye gati kwa miaka mingi bila safari. Ilijengwa kwa mbao za mvule, na ndani yake kulikuwa na injini ya dizeli ya silinda moja, ya kuwasha kwa hendeli, ndugu wa karibu wa zile zinazoendesha mashine za kusaga huku kwetu. Ndiyo maana sikuiogopa. Mtu wa Bariadi anaweza asijue kuogelea, lakini injini ya mashine ya kusaga anaijua.

Aliyeiona kwanza ni shemeji. Yeye alizaliwa ufukweni karibu na Lamadi, na tangu alipokuwa na miaka kumi na minne alikuwa akivua katika boti za watu. Mwenye boti na nyavu, wavuvi humwita tajiri, hata kama ana boti moja tu na suruali yake ina viraka. Shemeji alikuwa amepita kwa matajiri watatu. Baba yake alipofariki, yeye alikuwa kambini visiwani, na tajiri wa wakati ule hakukubali boti irudi kabla nyavu hazijaisha kuteguliwa. Shemeji alifika nyumbani siku ya tatu baada ya mazishi. Alikuta udongo umeanza kukauka juu ya kaburi.

"Sitaki utajiri," aliniambia siku tulipokwenda kuitazama ile boti. "Nataka siku moja nikisema leo narudi, nirudi."

Alikuwa na ng'ombe wanne, urithi wake wote kwa baba. Aliwauza wote. Mimi nikatoa kiinua mgongo. Tuliandika karatasi kwamba boti ni yetu nusu kwa nusu, gharama nusu kwa nusu, yeye akiiendesha na mimi nikiitunza injini. Mke wangu alikuwa shahidi wa pande zote mbili, maana yeye alikuwa wa pande zote mbili.

Pamoja na injini tulipewa kitabu chake cha matengenezo, kwa Kiingereza, kurasa themanini na nane, nane za mwisho zikiwa zimeliwa na panya. Nilikitafsiri chote kwa mwaka mzima, ukurasa mmoja au miwili kwa jioni, kwenye madaftari ya shule. Sijawahi kuwa na furaha ya kusoma kama ile. Nilikuwa nikisoma habari za nozeli Jumatano, na Jumamosi niko Lamadi naishika nozeli yenyewe mkononi, ina joto.

Kila Jumamosi baada ya kazi nilipanda basi au lori kwenda ziwani, na Jumapili jioni nilirudi. Kazi haikuisha. Kichujio cha dizeli kilitaka kusafishwa kila safari ya tano, kwa sababu dizeli ya mapipa ilikuwa na mchanga. Pampu ya maji ya kupozea injini ilikufa mwezi wa pili, na kwa kuwa wasa yake, ile pete ya kuzuia maji, haikupatikana hata Mwanza, nilikata nyingine kwenye ngozi ya kubazi la zamani la baba yangu. Ilidumu miezi kumi na mmoja. Nilipoitoa ikiwa imechakaa, sikuitupa.

Kitu kimoja tu kilinishinda kukizoea. Pale ambapo shafti ya pangaboi inatoka nje ya boti, pana tundu linalozibwa kwa kamba iliyopakwa grisi. Kitabu kinasema kamba ile isikazwe mno. Maji lazima yadondoke kidogo ndani, la sivyo shafti itaungua. Mimi kila nilipoona tone naikaza.

"Shemeji, acha idondoke," kaka wa mke wangu alikuwa akisema.

"Inavuja."

"Inapumua. Hata kitabu chako kimesema."

"Kitabu kimesema kidogo."

"Hilo unaliona ni jingi? Hili si pipa la mashine ya kusaga, hili ni ziwa. Ukitaka pakavu, rudi Bariadi."

Na alicheka, na wavuvi waliokuwa karibu walicheka, na mimi nikailegeza nati robo mzunguko.

Kwa miaka minne boti ilitulisha. Haikuwa ya kuvulia. Ilikusanya sangara kutoka kambi za ghuba na kuwaleta Lamadi, ambako malori ya barafu ya viwanda vya Mwanza yalikuwa yakisubiri. Wakati wa kurudi kambini ilibeba unga, chumvi, abiria, na mara moja ilibeba harusi nzima na ngoma zake. Ilikuwa na mwendo wa taratibu, lakini mlio wake ulikuwa wa peke yake. Mke wa shemeji aliutambua boti ikiwa bado nyuma ya rasi, akabandika maji ya ugali, na maji yalikuwa yakichemka wakati tunafunga kamba.

Jumapili zingine tulitoka bila mzigo wowote, sisi wanne. Mke wangu alikaa mbele, miguu ndani ya maji. Mimi nilikaa katikati nikishika kingo zote mbili, na alinicheka kwa hilo mpaka mwisho. Nikiwa pale niliisikiliza injini. Nilijua kila sehemu inayogonga, kwa nini inagonga, na ukurasa wake. Sijui kama kuna furaha nyingine ya mtu wa aina yangu iliyo kubwa kuliko kusikiliza kitu cha zamani kinachofanya kazi kwa sababu wewe ulikiangalia.

Shemeji alinenepa. Alipeleka mtoto wake wa kwanza shule na sare kamili. Mjomba wake alipofariki, aligeuza boti ikiwa na nusu ya mzigo, akafika kabla ya jeneza kufungwa. Aliniambia habari hiyo mara tatu, na mara zote alitaja kuwa sangara wawili walioza njiani, kwa sauti ya mtu anayetaja zawadi.

Mwaka wa nne injini ilianza kutoa moshi wa buluu. Ringi za pistoni zilikuwa zimekwisha. Rangi ya boti ilikuwa imebabuka, na fundi wa ufukweni alituonyesha mbao mbili juu ya usawa wa maji zilizotaka kubadilishwa. Kazi hiyo ingeweza kufanyika palepale Lamadi kwa wiki mbili, boti ikivutwa ufukweni na kufunikwa kwa magunia mabichi. Mimi ndiye niliyekataa. Nilikuwa na sababu, na bado naziona zilikuwa sababu. Vifaa vya injini iliyofunguliwa vingeibwa ufukweni. Mimi nilikuwepo Jumamosi na Jumapili tu, na sikutaka mtu mwingine afungue kile nilichokifunga. Nyumbani ningefanya kazi kila jioni, kwa utaratibu, na kuikagua boti yote msumari kwa msumari.

Shemeji alikubali kwa shida. Kwa muda huo ilimbidi arudi kuvua kwa tajiri wake wa zamani.

"Miezi mitatu," alisema. "Hata jela kuna vifungo vifupi hivyo."

Basi boti ikaja Bariadi.

Injini niliifanyia kazi Julai na Agosti, na kazi hiyo niliifanya vizuri. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndiyo sehemu pekee ambayo sina la kujilaumu.

Mbao ni habari nyingine. Mtu aelewe kazi yangu ilikuwa nini. Kwa miaka zaidi ya kumi niliamka kila siku ya msimu kwenda kutia mkono ndani ya magunia ya pamba mpaka kwenye kiwiko, nikitafuta unyevu. Mkulima mwenye shida humwagia pamba maji usiku ili izidi uzito. Pamba yenye maji huota ukungu na kuungua ndani ya robota, na mpima aliyeipokea hulipa yeye. Kwangu mimi maji ndani ya kitu yalikuwa ni udanganyifu. Pakavu ndipo penye ukweli.

Kwa hiyo niliikausha boti kama ninavyokausha pamba. Niliondoa mbao za sakafu na kuzisimamisha juani. Niliinua upande mmoja wa boti kwa jeki kisha upande mwingine, ili upepo wa kiangazi upite chini. Nilichagua ubao mmoja wa sakafu, nikaupeleka kiwandani kila Jumatatu kuupima kwenye mzani mdogo, nikaandika. Wiki ya kwanza ulikuwa kilo tisa na gramu mia nne. Mwisho wa Agosti ulikuwa kilo saba na gramu mia mbili. Kila gramu iliyotoka niliifurahia. Nilimwonyesha mke wangu ule mstari unaoshuka.

"Na kaka yangu amesema nini kuhusu kukausha?" akauliza.

"Amesema nisikawie."

"Si kwamba usikaushe?"

"Nisikawie," nikarudia. Sikuwa nimedanganya, lakini sikuwa nimejibu.

Septemba mianya ilifunguka kati ya mbao na mbao. Kwanza ukucha uliingia, baadaye sarafu, na mwishoni jua la jioni likapita upande mmoja na kuchora mistari upande wa pili. Nilimwita seremala wa mtaani, mzee aliyetengeneza vitanda na mikokoteni ya ng'ombe. Alipitisha kidole kwenye mwanya.

"Mbao zako zimekauka vizuri, bhabha," akasema. "Sasa ziba."

Watu wa ufukweni nao huziba mianya kwa pamba. Nilikuwa nimewaona. Fundi husokota uzi mmoja mwembamba, huusukuma kwa patasi ya mbao, hugonga mara mbili, basi, kisha hupaka lami. Nilikuwa nimemdharau moyoni. Pamba yake ilikuwa hafifu, chafu, na aliigonga kama mtu anayeogopa kuamsha watu. Mimi nilikuwa na pamba safi, nyuzi ndefu za daraja la kwanza, nilizozichagua kwa mikono yangu na kuzilipia. Jioni mke wangu alisokota nami. Nilitia uzi wa kwanza, nikagonga kwa nyundo mpaka ukakataa kwenda. Nikatia wa pili, nikagonga mpaka ukakataa. Palipokuwa na nafasi nilitia wa tatu. Kazi hiyo ilinichukua siku kumi na tisa. Nilipomaliza, nilimwaga ndoo ishirini za maji ndani ya boti, nikakaa chini nikitazama nje. Hakuna tone lililotoka. Baada ya dakika arobaini niliyatoa maji yale yote kwa kopo na kupangusa kwa kitambaa, ili isipate unyevu.

Mwisho wa Oktoba mvua za vuli zilipoanza kunukia, lori lilelile likaipeleka Lamadi. Ilikuwa imechelewa wiki mbili kuliko nilivyoahidi. Shemeji alikuwa anasubiri ufukweni tangu asubuhi, amevaa shati la kanisani. Aliizunguka boti mara mbili. Ilikuwa na rangi mpya ya kijani, na injini iliwaka kwa mzunguko wa pili wa hendeli, bila moshi. Halafu akainama akabonyeza mshono mmoja kwa dole gumba.

"Pamba imeingia kiasi gani?"

"Mpaka ilipokataa."

Akaubonyeza tena. "Tungeizamisha siku tatu hapa kwenye kina kifupi. Ijinywee polepole."

"Na injini iliyomo ndani? Nimeifunga juzi."

"Tungeitoa."

"Shemeji, itazame kwanza."

Tuliisukuma majini. Niliweka daftari langu chini kabisa, juu ya mbao za tumbo, mahali ambapo siku zote palikuwa na dimbwi. Tulikwenda mpaka kwenye rasi na kurudi, zaidi ya saa nzima. Nilipoliokota, daftari lilikuwa kavu. Shemeji alilichukua, akaligeuza, akalinusa, kisha akacheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Julai.

"Shemeji, hii hukuziba. Umeishona!"

Akawaita watu waje waone. Akamwambia mmoja wa wavuvi aliokuwa nao kwa tajiri miezi ile, "Nisalimie huko. Waambie mimi kesho nitaamka nikitaka."

Nimekumbuka siku ile mara nyingi kuliko siku zilizofuata.

Habari ililetwa na kondakta wa basi siku ya Jumatano, wiki ya tatu ya Novemba. Alikuja mpaka kiwandani, akasimama mbele ya mzani. "Nimetumwa kutoka Lamadi. Boti imefunguka. Watu ni wazima." Nilimuuliza imefunguka maana yake nini. Akasema, "Ndivyo nilivyoambiwa nikwambie. Imefunguka."

Nilifika Jumamosi. Ilikuwa imezama karibu, kwenye kina cha mtu mmoja na nusu, na watu wa ufukweni walikuwa wameivuta kwa kamba mpaka nchi kavu. Shemeji alikuwa amekaa kwenye dumu tupu kando yake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa. Alinisimulia bila kuongeza kitu.

Kwa muda wa wiki mbili boti ilikuwa inalia. Ikiwa imefungwa, maji yametulia, alisikia misumari ikilia kama mlango wa zamani. Alidhani ni mbao zinakaa mahali pake. Haikuvuja, kwa hiyo hakuwa na la kumlalamikia mtu. Siku ile walikuwa wanatoka kambini, yeye na mwenzake mmoja, na sangara nusu shehena. Wimbi lilikuwa la kawaida. Ubao wa tatu kutoka chini uliachia upande wa mbele, wote kwa mara moja, na maji hayakuingia kwa kuvuja bali yaliingia kama kwenye mlango. Walitupa samaki, wakashika madumu. Boti nyingine iliwaokota.

Nilichukua rula na taa, nikaingia chini ya boti. Nilikaa humo muda mrefu. Kila ubavu wa boti, yale matao ya ndani yanayoshika mbao, kuanzia wa nne hadi wa kumi na moja, ulikuwa umepasuka karibu mahali pamoja. Misumari ilikuwa imechomoka kwenye mbavu kwa nusu inchi na zaidi, mstari mzima, kwa urefu unaolingana, kama vile mtu mwenye subira amekuwa akiing'oa kidogo kidogo. Wakati huo nikaelewa. Mbao zilipokunywa maji zilitaka kurudi kwenye unene wake wa zamani. Nafasi ya kurudi ilikuwa ile mianya, na mianya nilikuwa nimeijaza mimi, mpaka ilipokataa. Zilisukumana zenyewe kwa zenyewe siku na usiku mpaka zikajing'oa kwenye mbavu. Ile pamba hafifu ya fundi wa ufukweni, iliyogongwa mara mbili tu, ilikuwa imeacha nafasi kwa makusudi.

Nilivuta kipande cha uzi kwenye mshono uliofumuka. Chini ya lami kilikuwa bado cheupe.

Shemeji alikichukua mkononi mwangu, akakivuta ncha mbili kujaribu nguvu yake. Hakikukatika.

"Pamba yako ni nzuri, shemeji," akasema.

Nilimweleza yote niliyoyaona, kwa utaratibu, ubavu kwa ubavu. Nilimwambia kosa ni langu. Alisikiliza akitazama ziwa.

"Na kitabu kinasemaje kuhusu mbao?"

"Kitabu ni cha injini tu."

"Basi," akasema.

Nilipendekeza tuanze upya. Ningekopa, tungenunua mbavu mpya, fundi wa ufukweni angefanya kazi peke yake, nami nisiguse. Nilikuwa nimeshapiga hesabu njiani, ndani ya basi. Aliniacha nimalize.

"Ng'ombe nilikuwa nao wanne, shemeji. Niliwauza wote mara moja." Kisha, kwa sauti ya chini kabisa, "Miezi ile mitatu ulipokaa nayo, nilivumilia kwa sababu ilikuwa na mwisho."

Wiki iliyofuata alirudi kwa yule tajiri wa zamani, na baada ya Krismasi walihamia kambi moja visiwani, yeye na mkewe na watoto. Hakupita Bariadi kuaga. Mke wangu alipata habari sokoni.

Injini niliifungua, nikaikausha, nikaitia mafuta, na Februari niliiuza kwa mtu wa Ipililo aliyekuwa anafungua mashine ya kusaga. Mbao zilichukuliwa na watu wa ufukweni kwa kuni na kwa kukaushia dagaa. Fedha ya injini niliigawa nusu kwa nusu, nikaitia nusu ya shemeji kwenye bahasha, nikaandika maelezo ya bei, gharama ya kuivuta boti, na usafiri. Nilitaka kumpelekea mwenyewe.

"Hapana," mke wangu akasema. "Nitakwenda mimi."

"Nataka kumwona."

"Najua. Ndiyo maana nitakwenda mimi."

Alikaa siku nne. Aliporudi alinawa miguu, akakaa kwenye kigoda, akaniambia kuwa watoto hawajambo, shule hakuna, kaka yake amekonda na mkono umepona lakini hauinuki juu ya bega. Amepokea bahasha. Ameihesabu mbele yake, amesoma maelezo yote mpaka mwisho, akasema mahesabu ni sahihi. Kisha akaingia ndani, akatoka na fedha nyingine, yake mwenyewe, akampa.

Mke wangu alifungua fundo la khanga, akaweka noti na sarafu mezani.

"Amesema nimpe tajiri mafuta ya safari ile ya mwisho, maana hayakulipwa."

"Umpe nani?"

"Tajiri," akarudia, bila kunitazama. Akainuka akaenda kuwasha moto.

Nilibaki na zile fedha mezani. Kwa wavuvi wa kuajiriwa, mafuta ya tajiri hukatwa kwanza kabla ya kitu kingine chochote, hata kama safari haikuleta samaki. Wabia wanagawana. Lita tulizokuwa tukitumia kwa safari ile nazijua, zilikuwa kumi na sita, na bei ya dizeli mwezi ule ilikuwa shilingi mia tatu. Nilihesabu mara mbili, nikitumaini kukuta nusu. Alikuwa amelipa zote: shilingi elfu nne na mia nane.